Picha za besiboli zisizo na maelezo hazituunganishi na mtu

Ndugu Mhariri,

Kila Agosti, mashindano ya dunia ya Little League, ligi ya besiboli ya watoto, yanapoanza Williamsport, Pennsylvania, Marekani, makundi yetu ya WhatsApp hujaa picha za zamani: vijana wa Lugazi, hapa Uganda, wamejipanga mstari, mrushaji ameinua mguu, kocha amechuchumaa kando ya uwanja. Watu huweka alama za moyo na makofi, na kufikia kesho yake hakuna anayezikumbuka. Sisi tunaoufuatilia mchezo huu jambo hili linatuuma, kwa sababu ng'ambo ya bahari wako watu wanaozitafuta picha hizohizo. Hawatatupata kama hazina jina, mwaka wala mahali.

Wasomaji wapya wajue kisa chenyewe. Mwaka 2011 timu ya watoto ya Kampala ilishinda kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika huko Kutno, Poland, ikafuzu kwenda Williamsport, kisha ikanyimwa viza za Marekani kwa sababu ya kasoro katika hati za kuzaliwa. Watoto wa Langley, British Columbia, Kanada, ambao ndio wangecheza nao kwanza, walifunga safari mpaka Uganda Januari 2012, na Uganda ikashinda 2–1. Agosti ya mwaka huo Lugazi ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Williamsport. Ilifungwa na Panama, ikafungwa na Mexico, halafu ikaifunga Gresham ya Oregon 3–2. Mwaka 2015 vijana wa Kampala walifika pale na kuifunga Jamhuri ya Dominika 4–1. Kwa hiyo Langley na Gresham ziko familia zenye picha za vijana wetu, nasi tunazo za watoto wao. Watoto wa wakati ule sasa ni watu wazima wenye simu.

Kabla ya kusambaza picha, itazame vizuri, maana yenyewe husema mengi. Anza na kifua cha jezi. Williamsport timu huvaa jina la kanda, si la mji. Mwaka 2012 Uganda ilikuwa kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika. Kuanzia 2013 kanda zilipangwa upya, nasi tukawekwa Ulaya na Afrika. Jezi hizo mbili watu huzichanganya kila mwaka, na mtu wa Gresham akiona picha ya 2015 imeandikwa 2012 hupita tu, maana hamwoni anayemjua. Tazama pia nyuma ya wachezaji. Kilima cha majani nyuma ya uzio wa mbali, watoto wakiteleza juu ya makaratasi magumu, ndiyo alama ya Lamade, uwanja mkuu wa Williamsport. Na ukitaka kujua kama picha ni ya watoto au ya wakubwa, kadiria umbali: kwenye Little League mrushaji husimama takribani mita 14 kutoka besi ya nyumbani na kati ya besi na besi ni mita 18.3; kwa wakubwa ni mita 18.4 na 27.4.

Maelezo yaandikwe hivi: nani yuko wapi, kutoka kushoto kwenda kulia, na nafasi yake uwanjani, mashindano gani, mwezi na mwaka, uwanja, mpinzani, matokeo, na aliyepiga picha kama anajulikana. Usipolikumbuka jina, andika "mdakaji, jina halijulikani". Usibahatishe. Jina lililokosewa husambaa haraka kuliko sahihisho lake, na mwenye jina halisi huona amefutwa. Chini ya Kiswahili au Luganda ongeza mstari mmoja wa Kiingereza wenye maneno Uganda, Lugazi au Kampala, mwaka, na mji wa mpinzani. Hayo ndiyo maneno ambayo mtu wa Langley atayaandika anapotafuta.

Karatasi za kuandikia mchezo, zenye kila tukio la uwanjani, zina thamani kuliko watu wengi wanavyodhani, na ndizo zinazotupwa kwanza. Kila nafasi ina namba yake dunia nzima: mrushaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) 6, na walinzi wa nyuma 7, 8 na 9 kutoka kushoto. Penye 6-4-3 mtu wa Kanada anasoma vilevile unavyosoma wewe: shotistopu ameokota, akampa wa besi ya pili, naye akatupa besi ya kwanza. Penseli ikiwa imefifia, weka karatasi karibu na dirisha ili mwanga uingie kwa upande. Michoro ya penseli itajitokeza.

Picha ya zamani iliyochapwa kwenye karatasi ipigwe nje kivulini, bila flashi, simu ikiwa sambamba nayo kabisa. Flashi huacha doa jeupe, na mara nyingi doa hukaa usoni. Piga na mgongo wa picha kama una maandishi. Iliyoganda kwenye albamu usiibandue. Ipige hapohapo, maana ukiivuta rangi hubaki kwenye gundi. Ukipeleka kibandani kuskani, omba dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) kwa picha ndogo ya sentimita 10 kwa 15. Wengi huskani kwa 300 bila kukuuliza. Hiyo inatosha kuichapa tena kwa ukubwa uleule, lakini ukiikuza uone uso wa mtoto wa mstari wa nyuma, huoni kitu. Kisha badilisha jina la faili, kwa mfano 2012-08-lugazi-gresham, kwa sababu simu huipa picha ya zamani tarehe ya leo na baada ya hapo haipatikani tena kwenye mpangilio wa miaka.

Kwenye WhatsApp itume kama hati, usiitume kama picha ya kawaida. Ya kawaida hupunguzwa, na ikishapitishwa makundi matatu na kupigwa skrinishoti mara mbili, namba za mgongoni hazisomeki. Status hutoweka baada ya saa 24, kwa hiyo si mahali pa kuhifadhi. Viongozi wa makundi waangalie pia kama ujumbe umewekwa kujifuta. Liko kundi la wachezaji wa zamani ambalo kumbukumbu zake zote hufutika kila baada ya siku 90, na wanachama hudhani simu zao ni mbovu. Hifadhi nakala mbili, moja nje ya simu.

Wazazi wengi wa Langley na Gresham tunawapata Facebook. Hapa nchini ilifungwa Januari 2021, na walioendelea kuitumia huingia kwa VPN. Tatizo ni kwamba mtandao hukuona umeingia kutoka nchi nyingine, unadai namba ya siri, na namba hiyo inatumwa kwenye laini uliyoipoteza zamani. Badilisha namba ya simu kwenye akaunti mapema. Saa nayo ina maana: ukiweka picha saa mbili usiku mwezi Agosti, Williamsport ni saa saba mchana na Langley ni saa nne asubuhi. Wote wako macho.

Ruhusa tusiipuuze. Sheria yetu ya 2019 ya ulinzi wa data inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Aliyekwisha kukua aulizwe mwenyewe. Hati za kuzaliwa na pasipoti zisiwekwe kamwe, hata kwa nia ya kutetea timu ya 2011. Miaka ya kuzaliwa ndiyo iliyowazuia vijana wale, na mwaka ulioandikwa ovyo mtandaoni unaweza kumsumbua mtu dirishani ubalozini hadi leo.

Uhusiano ukishaiva, watu huuliza watusaidie nini. Jibu liwe na vipimo. Glavu za watoto ni inchi 11 hadi 12. Taja waziwazi idadi ya watoto wanaorusha kwa mkono wa kushoto, kwa sababu glavu yao huvaliwa mkono wa kulia, na kila shehena huja na za upande mmoja tu. Magongo ya zamani wanayotutumia kwa mapenzi mengi hayana muhuri wa USABat, alama ya kiwango cha magongo ya watoto, unaotakiwa kwenye michezo rasmi ya Little League tangu Januari 2018. Yapokewe kwa shukrani, yatumike mazoezini, lakini anayetaka kununua jipya aambiwe kuhusu muhuri huo kabla hajatoa pesa. Na atakayekudai "ada ya kusafirisha" kabla hujaona hati yoyote ya mzigo, usimlipe.

Dennis Kasumba, mdakaji wa Uganda, alifika timu ya Frederick Keys ya Marekani mwaka 2023 baada ya video zake za mazoezi ya udakaji kwa kutumia matairi kuonekana dunia nzima. Video zile zilionyesha kazi yenyewe waziwazi, na makocha waliweza kuipima. Picha zetu za 2011, 2012 na 2015 zinastahili uangalifu huohuo.

Tunaliomba gazeti lako, Mhariri, litenge nafasi ndogo kila wiki ya Agosti kwa picha moja ya besiboli yenye maelezo kamili. Picha zipo, na wanaojua majina bado wapo.

Wapenzi wa besiboli,
Lugazi