Risala ya Mafundi wa Umeme wa Magari, Changamwe, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wa mtaa, viongozi wa dini, mafundi wenzetu, mabibi na mabwana: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Tumefurahi mno kukupokea Changamwe. Historia yetu tutaipitia mbiombio. Kikundi kilianza kwa mafundi wachache waliochanga pesa za chaja moja ya betri. Leo tunafunza vijana, tunakopeshana, na hakuna hitilafu ya umeme inayotushinda, iwe ya tuktuk au ya trela la bandarini.

Lililo mioyoni mwetu ni moja. Magari ya serikali yanaponunuliwa, hakuna anayeuliza malighafi ya betri zake imetoka wapi.

Betri ya kawaida ya gari, zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi. Ikifa huvunjwa, bamba zake zikayeyushwa, na risasi ikarudi kuwa betri mpya. Kazi hiyo ikifanyiwa kiwandani penye vichujio vya moshi na mtambo wa kusafisha asidi, haina neno. Balaa ni njia ya mkato. Mnunuzi wa skrapu asiyetaka kulipia maji ya betri, yaani asidi, hutaka betri iliyomwagwa maji. Basi hupasuliwa kwa shoka, asidi ikamwagwa mtaroni, bamba zikatiwa sufuriani juu ya makaa. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, kwa hivyo jiko linatosha. Vumbi hushika udongo na nguo, likafika hadi kwa watoto nyumbani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Mheshimiwa, wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru ni jirani zetu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba zao kuanzia 2007, kikafungwa 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya risasi hiyo. Hatutaki mtaa mwingine upite njia hiyo.

Serikali huchangia balaa hili bila kukusudia, kwa milango miwili. Zabuni ikitazama bei peke yake, betri ya risasi chafu hushinda, maana aliyeiyeyusha hakugharamia kichujio. Na gari kuukuu likipelekwa mnadani na betri yake ndani, hiyo betri humfuata mnunuzi, naye huiuza kwa mwenye shoka.

Ombi letu ni kifungu kimoja kiingie katika kila zabuni ya magari na vipuri. Muuzaji alete leseni ya mazingira ya kiwanda kilichoyeyusha risasi, na ripoti ya ukaguzi wa mwaka huo. Kwa kila betri mpya achukue kuukuu moja na kuonyesha hati za usafirishaji hadi kwa mchakataji mwenye leseni. Asiyeleta hati asilipwe. Kabla ya mnada, betri zitolewe zikiwa na maji yake, zisimamishwe wima juu ya mbao chini ya paa, vichwa vifunikwe kwa tepu zisipige shoti. Inayovuja iwekwe ndani ya pipa la plastiki, na magadi yawe karibu ya kuvunja nguvu ya asidi.

Magari ya umeme nayo yanakuja. Betri zake nyingi hutiwa madini ya kobalti. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, na katika machimbo ya mikono watoto wamekutwa wakifanya kazi. Kifungu kimtake muuzaji ataje mgodi na kiwanda cha kusafishia, au alete betri za chuma na fosfeti, ambazo hazina kobalti kabisa.

Sheria haizuii. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamwajibisha mwenye kuleta bidhaa sokoni hadi inapogeuka taka.

Kwa heshima zote, Mheshimiwa, maneno haya si mageni. Wageni rasmi waliokutangulia walisomewa, wakapiga makofi, wakaahidi kamati. Kamati hatukuiona. Tunathamini kofia na fulana tulizopewa, lakini hatukuziomba.

Rasimu ya kifungu iko mezani mbele yako. Tunakuomba, kabla hujaondoka, utaje afisa atakayeipokea na tarehe ya kutujibu, tuziandike kwenye kumbukumbu za leo mbele yako.

Ni sisi wanachama, mafundi wa umeme wa magari, Changamwe.