Mkono wa Idd kwa wana Ng'ambo ya Tabora na wengine wote

Idd Mubarak, wanachuo. Ninyi mlioko mabwenini, ninyi wa mageto ya Ng'ambo, Isevya na Cheyo, na kaka na dada zetu waliokwishamaliza, pokeeni mkono wa Idd. Wenzetu Wakristo nao wamo. Nani asiyejua kwamba siku ya pilau sote huwa ndugu?

Sikukuu ya mwaka huu, 2021, imeangukia wakati mzuri hapa Tabora. Mvua zimekata, alfajiri kuna kaubaridi ka kutafutia sweta, na karanga mpya zimeshuka sokoni. Zaidi ya yote imetukuta tuko pamoja, maana Idd ya mwaka jana kila mmoja aliila kwao, na nusu yake mimi niliila juu ya kichuguu.

Mtakumbuka tulivyotawanyika. Machi 16, 2020 Waziri Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona, Arusha. Kesho yake zikafungwa shule, keshokutwa vyuo. Wa Kigoma na wa Mpanda walikimbilia stesheni na magodoro yamefungwa kamba, sisi wa Urambo tukabanana kwenye mabasi. Tulidhani ni wiki mbili. Nyumbani bibi alinifukiza kwa majani ya mwarobaini mpaka macho yakavimba. Takwimu za mwisho tulizopewa zilikuwa za Aprili 29, wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo kila kijiwe kikawa na takwimu zake.

Mei 21 Rais Magufuli, Mungu amrehemu, akatangaza vyuo vifunguliwe Juni 1. Siku chache baadaye ikawa Idd. Nyuma ya nyumba yetu kuna kichuguu, ndipo mtandao unapokamata, na siku ile nilipanda nikiwa na kanzu yangu mpya kupokea salamu. Zikaja salamu kidogo na shida nyingi. Mmoja nauli hana. Mwingine kaambiwa chumba chake kimeshapangishwa na vyombo viko uani. Wengi walikuwa wanadaiwa kodi ya miezi ambayo hawakulala humo hata usiku mmoja.

Watu wakisikia harakati za wanafunzi huwaza mabango. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa hapa Tabora, akawarudisha makwao karibu 400, na mshahara wake mwenyewe akaukata. Zile zilikuwa harakati za kuhadithiwa. Zetu zilianza na daftari. Viongozi wa madarasa walipiga simu kwa mwanachuo mmoja mmoja wakaandika: yuko wapi, anakwamia nini, ana chumba au hana. Ni kazi ya kuchosha na haina makofi, lakini tulipokwenda kuomba watakaochelewa wasikatwe alama za majaribio, tulikwenda na majina. Mkubwa aliyetupokea alikuwa amejiandaa kutufukuza. Akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akaomba kalamu.

Kwa wenye nyumba mambo yalikuwa magumu zaidi, na hapo niseme ukweli ambao wengine hamtaupenda. Tulikwenda tumevimba. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mjane wa Ng'ambo, vyumba sita, vyote vya wanafunzi. Akatukaribisha mkekani, akatuletea karanga, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na mimi, wanangu, hiyo miezi nilikula nini?" Hakuna aliyejibu. Kumbe chuo kikifungwa na Ng'ambo inafungwa: mama ntilie hana wa kumpikia, kijana wa fotokopi anafukuza nzi, bodaboda wanalala kijiweni. Tulikuwa tumehesabu shida zetu tu. Tukapatana naye nusu kodi, nayo ilipwe bumu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, likitoka, na makubaliano yale yale tukayapeleka nyumba kwa nyumba. Wako waliokataa katakata. Mmoja alitufungulia mbwa, na suruali yangu ya kitambaa mpaka leo ina kiraka.

Vibuyu chirizi vya kunawia mikono ndivyo nilivyovipenda kuliko vyote. Dumu la lita tano, tundu la msumari, kamba, na kijiti cha kukanyagia ili usishike kitu kwa mkono. Sabuni inaning'inia pembeni ndani ya soksi. Vijana wa mwaka wa kwanza walitengeneza vya kutosha madarasa yote kwa siku mbili, na waliojua cherehani wakashona barakoa za vitenge. Maji hayakupungua kwa kuwa tulipangiana zamu. Sabuni, hiyo habari nyingine. Mpaka leo sijui nani alikuwa anaziiba, ila nina mtu ninayemshuku na anasoma salamu hizi.

Tulifidia muda kwa vipindi mpaka Jumamosi jioni, tukasinzia, tukafaulu, wachache wakabaki na sapu, mitihani ya marudio. Yupo pia mwenzetu mmoja ambaye hakurudi kabisa. Baba yake alifariki mwezi ule wa Mei, naye akabaki kulea wadogo zake. Jina lake bado liko kwenye daftari, halijakatwa, na wiki iliyopita nilimpigia. Anauza tumbaku, anawasalimu, anauliza kama dirisha la udahili la mwaka huu atalikuta. Anayejua utaratibu wa kurejea masomoni anitafute leo hii, asingoje sikukuu iishe.

Corona haijaondoka. Mwezi uliopita Rais Samia alisema ataunda kamati ya wataalamu iitazame upya, nasi tunawasubiri. Wakati tunawasubiri, baada ya swala njooni getoni kwangu Isevya. Pilau ipo, kachumbari ipo, kila mtu aje na sahani yake. Kibuyu chirizi kiko pale pale mlangoni. Sabuni mje nayo.