Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam kuhusu ndege, udongo na kibali cha ujenzi

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: NAFASI YA NDEGE NA MITI KWENYE RAMANI ZA MAJENGO

Ramani ya jengo hufika ofisini kwako kabla ya msingi kuchimbwa. Wakati huo, kubadili aina ya kioo au kuacha nafasi ya mti ni kufuta mstari na kuchora mwingine. Zege likishamwagwa, kazi hiyohiyo inataka nyundo na bajeti mpya. Ndiyo maana tumekuandikia wewe badala ya watu wa maliasili. Tunaomba ukurasa mmoja uongezwe kwenye orodha ya kukagulia ramani, na haya ndiyo tungependa yaandikwe humo.

Kwanza vioo, maana katikati ya jiji ndivyo vinavyomea kuliko miti. Ndege haoni kioo. Anachoona ni anga na mwarobaini uliojiakisi humo, akaruka kuufuata. Picha moja ya mwewe iliyobandikwa katikati ya dirisha haisaidii. Ndege huikwepa na kugonga pembeni yake. Zinazosaidia ni alama zilizotapakaa kioo kizima: nukta zenye upana usiopungua milimita 6, zikiachana sentimita 5 kwenda juu na kwenda kando, tena upande wa nje. Zikiwekwa ndani, mng'ao wa jua unazifunika na fedha imekwenda bure. New York ilitunga sheria mwaka 2019 inayotaka asilimia 90 ya ukuta wa nje wa majengo mapya, hadi futi 75 kutoka chini, itumie vifaa visivyowaponza ndege. Futi 75 ni takriban mita 23, kimo ambacho miti hufika na ndege wengi hupita.

Kwa jua la Dar, lakini, kuna njia nafuu zaidi. Vitofali vya matundu vikijengwa mbele ya dirisha hukata joto, hupunguza kazi ya kiyoyozi na ndege huviona vizuri. Wabunifu wetu wa miaka ya 1960 na 1970 walijua kutumia zege kama kivuli. Kioo kitupu kinachotazama magharibi tumekizoea baadaye tu. Palipo na kona ya kioo inayoonekana upande wa pili, au kizuizi cha kioo kwenye kibaraza, alama ziwe za lazima hata kama jengo ni la ghorofa mbili.

Kuhusu viota, tunaomba msinakili ya nchi nyingine. Jiji la Brighton, Uingereza, tangu mwaka 2020 linataka tofali lenye tundu la mbayuwayu kwenye majengo mapya yanayozidi mita 5. Huko linafaa. Mbayuwayu mdogo wa hapa, mwenye doa jeupe juu ya mkia, hupenda kubandika manyoya na nyasi kwa mate chini ya zege lililochomoza, wakiwa kundi. Anachotaka ni uso mkavu usio na lipu laini wala rangi ya mafuta, na uwazi wa mita kadhaa chini yake wa kujirusha. Mbunifu aamue mapema uso huo uwe wapi, usiwe juu ya mlango wala ngazi, kwa sababu kinyesi kikianza kudondokea wateja, fundi ataitwa na fimbo. Bundi naye, pamoja na uchuro anaosingiziwa, ni mla panya. Sanduku lake liwe na sakafu ya sentimita 60 kwa 40, tundu la sentimita 13 kwa 13, na tundu liwe sentimita 45 juu ya sakafu ili makinda yasidondoke. Jengo linalotega panya kwa sumu lisiweke sanduku hilo, kwani anayekula panya mwenye sumu hufa naye.

Yote hayo yataharibika bila chumba cha taka. Kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, hula mayai na makinda ya ndege wengine, na jalala la wazi ndilo linalomlisha. Kila jengo la ghorofa liwe na chumba chenye mlango unaojifunga na wavu kwenye matundu ya hewa. Kati ya maombi yetu yote hili ndilo rahisi kuliko yote, na pengine ndilo lenye faida kubwa zaidi.

Bustani ya juu ya paa isiruhusiwe bila hesabu za mhandisi. Udongo wa kawaida ukilowa hukaribia tani mbili kwa mita ya ujazo, yaani sentimita 10 tu ni karibu kilo 200 kwa kila mita ya mraba. Paa lenye mteremko wa asilimia 2 lijazwe maji ya sentimita 5 kwa saa 48 kabla ya udongo kupanda, na fundi akague kama dari ya chini inavuja. Kila tundu la kutolea maji lizungushiwe kokoto na liwe na kifuniko cha kukagulia. Likiziba wakati wa masika, maji yanatuama, na mbu wa dengue anaweza kukomaa kwa siku saba hadi kumi. Mimea iwe ya kuvumilia kiangazi cha Juni hadi Septemba, kama shubiri na katani pori.

Chini kabisa ni pevingi. Mti wa kivuli wa wastani unataka kama mita 10 za ujazo za udongo usioshindiliwa, mathalani eneo la mita 4 kwa 2.5 lenye kina cha mita 1. Ukiubana mti kwenye shimo la sentimita 60 na udongo wake ukashindiliwa na magari, mizizi hupanda juu kutafuta hewa na maji, huinua pevingi, kisha mti hulaumiwa na kukatwa. Ramani ioneshe eneo hilo kwa vipimo, likiwa na vizuizi vya magari, na maji ya paa yaelekezwe humo kabla ya kufika mtaroni. Mkuyu, unaolisha ndege na popo kwa wingi, ukae mbali na kuta na mabomba ya maji taka. Palipobana, uchaguliwe mti mwingine.

Tunapendekeza muanze na majengo ya umma na yale ya ghorofa nne kwenda juu. Ukaguzi uwe wa mara mbili: ramani inapopitishwa, na kabla ya cheti cha kuruhusu jengo kutumika, mkaguzi akiwa na futi mkononi.

Wako katika ujenzi wa jiji,
Wabunifu majengo, wahandisi na wataalamu wa mimea
Dar es Salaam