Shukrani kwa fundi uliyekuja kwa jirani, Kigamboni

Wiki mbili friji letu lilikuwa linapiga shoti. Mwanangu akishika mlango peku, analia. Fundi wa kwanza alitushauri tuvae ndala (ushauri gani huo!).

Jumamosi wewe kaka ulisikia tukilalamika. Ukazima meni swichi, ukafukua ethi (njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja) nyuma ya nyumba: kipande cha nondo yenye kutu, urefu wa kiganja, waya umeegeshwa tu. Ukapigilia fimbo ya shaba ya futi 4, ukapima kwa mita yako, hukuridhika na mchanga wetu mkavu, ukaongeza ya pili. Ukachukua hela ya vifaa tu.

Ndugu zangu, friji likikuwasha vidole, lichomoe, uite fundi mwenye mita. Kaka, pilau lako bado lipo.