Pesa imeingia, lakini inaweza kutoka?

Mhariri,

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nanunua mashine mbovu, nazitengeneza, nauza. Kila nikisoma tahadhari kuhusu biashara hii naona anayeonywa ni mnunuzi: asiuziwe simu ya wizi, asiuziwe betri iliyochoka. Utadhani sisi wauzaji hatuibiwi.

Tunaibiwa, tena huku tumepeana mikono. Kamera yangu ya kwanza niliiuza kwa mtu aliyelipa kupitia huduma moja ya malipo ya mtandaoni. Nilifungua akaunti mbele yake, nikaiona pesa, nikampa kamera. Baada ya wiki tatu pesa ikaondolewa. Jamaa alikuwa amelalamika kwamba hajapokea mzigo, na kampuni ikanidai stakabadhi ya usafirishaji. Stakabadhi ipi, na mimi nilimkabidhi mkononi? Ndipo nikaelewa kwamba huduma za namna hiyo zilibuniwa kwa watu wasioonana. PayPal, kwa mfano, humpa mnunuzi siku 180 za kufungua malalamiko. Kwenye kadi nako, mwenye kadi akikana malipo, benki yake inaweza kuivuta pesa irudi. Hundi ndiyo usiseme: salio linaweza kuongezeka leo, na hundi ikakataliwa siku kadhaa baadaye.

Kwa hiyo siku hizi sijiulizi tu kama pesa imeingia. Najiuliza kama inaweza kutoka tena bila mimi kuulizwa.

Hapo noti taslimu hazina mpinzani, ingawa zina karaha zake: noti bandia, na safari ya kurudi nyumbani na burungutu mfukoni. Dawa yangu ni kukutana ndani ya benki yangu, mbele ya dirisha, si nje getini. Karani anahesabu, mashine inazipitisha, na pesa inaingia kwenye akaunti kabla kompyuta haijatoka kwenye begi. Mnunuzi mwenye nia njema huwa hapingi. Anayetaka tuonane kwenye maegesho ya magari giza likiingia, huyo namtakia heri.

Pesa za simu napokea, kwa sharti moja. Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja kununua kompyuta mpakato. Aliikagua nusu saa nzima, akabonyeza kila kitufe, hata akalalamika kwamba herufi N inakwama (kweli inakwama). Kisha akaishika simu yake, na yangu ikalia: "Umepokea..." Jina lake, kiasi, namba ya muamala, vyote vimo. Ila ujumbe ulitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, haukukaa pamoja na jumbe nyingine za kampuni. Na hata ungebeba jina la kampuni nisingeuamini, maana jina nalo hughushiwa. Nikaangalia salio mwenyewe. Lilikuwa lilelile la asubuhi.

"Mtandao unasumbua, mzee. Itaingia tu."

Nikamwambia basi tuisubiri, sina haraka. Nikaipakata mashine. Hazikupita dakika tano akatoka nje kupokea simu, na sijamwona hadi leo.

Wanaouza simu wana kinga moja ya ziada ambayo wengi huivua mapema mno. Tangu 2013 iPhone ina kufuli linalodai nywila ya akaunti ya Apple ya mwenye simu hata simu ikifutwa kila kitu, kwa hiyo anayekimbia nayo haimfai, na Android nyingi zina kufuli la aina hiyo. Watu huondoa akaunti hiyo nyumbani ili mnunuzi aikute simu tupu. Mimi huiondoa mbele yake, pesa ikishathibitika, na kabla ya hapo namwacha aikague atakavyo.

Sasa hivi naandika kwenye tangazo langu kabisa: malipo ni dirishani benki, au salio nilione mwenyewe. Wanaonipigia wamepungua sana, na ile kompyuta ya N inayokwama bado iko mezani kwangu. Naandikia barua hii hapohapo.

Fundi wa kompyuta
(Jina limehifadhiwa)