Kwa mpwa wangu aliyetaka kuziba nusu ya lenzi

Mpwa wangu,

Natumai ulifika shuleni salama na blanketi hukulisahau tena. Nakujibu hadharani kwa sababu ubishi wenyewe uliuanzisha mbele ya watu, sebuleni kwa nyanya yako huku Umoja, stima ikiwa imepotea.

Unakumbuka nilivyofunga mapazia nikaacha upenyo mmoja, nikachukua miwani ya nyanya ya kusomea na kuishika mbele ya ukuta. Ilipofika kama nusu mita hivi, jengo la mkabala likajichora ukutani kichwa chini, shati jekundu la jirani likining'inia kuelekea juu. Ukasema, "Mjomba, ukiziba nusu ya hiyo lenzi, nusu ya jengo itapotea." Tukawekeana soda. Kabla ya kujaribu stima ikarudi, ukakimbilia televisheni.

Basi nimejaribu mwenyewe, kwa kipande cha pakiti ya majani chai. Jengo lilibaki lote, mpaka kamba ya nguo. Kilichopungua ni mwangaza tu.

Chukua kola ya lile shati. Mwanga unaotoka pale hauelekei sehemu moja ya lenzi; unatawanyika na kuienea yote, juu, chini na pembeni. Lenzi mbinuko, yaani iliyovimba katikati kama ya miwani ile, huikunja miale hiyo ikakutane kwenye nukta moja ukutani. Pindo la shati nalo lina nukta yake, na kwa kuwa miale inayopita katikati ya lenzi haikunjwi bali inaendelea moja kwa moja na safari yake, ya juu hutua chini na ya chini hutua juu. Kwa hiyo kila kipande cha lenzi kina habari za jengo zima. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo yapata miaka 1,000 iliyopita, alishaeleza kwamba kila nukta ya kitu chenye mwanga huusambaza pande zote.

Nusu mita nayo si bahati. Miwani ya nyanya ni namba 2: gawa 100 kwa 2, unapata sentimita 50, umbali wa fokasi, yaani kutoka kwenye lenzi hadi pale miale ya kitu cha mbali inapokutana. Ya namba 4 ingetaka 25.

Nadhani aliyekudanganya ni kioo cha kabati. Pale ukiziba nusu ya chini, kweli miguu inapotea. Lakini taswira ya kioo bapa haikai ukutani wala kwenye karatasi. Unaiona kana kwamba iko nyuma ya kioo, umbali ule ule uliosimama wewe mbele yake, na unaichungulia kama mtu aliye dirishani. Mwale wa kiatu chako una mahali pamoja tu pa kudundia ndipo ufike jichoni. Kioo cha nusu ya kimo chako kinatosha kukuonyesha mzima, kikitundikwa sawasawa, na kurudi nyuma hakuongezi kitu. (Aliyemuuzia mama yako kile kirefu hakumwambia hilo.) Kile cha ubavuni mwa matatu, kilichobinuka, ni dirisha pana zaidi, ila wote waliomo wamedogoshwa.

Kama bado unabisha, tazama simu ya mama yako. Lenzi ya kamera ina mkwaruzo tangu Desemba, mbona nyuso zetu kwenye picha hazina mstari, zina ukungu tu?

Soda iwe ya chupa, na iwe baridi.

Mjomba wako