Malalamiko kuhusu nati za kufuli, GPS, rangi ya chini na mati mlizofunga kwenye magari yetu 11

Kitengo cha Karakana,
Kampuni ya Kukodisha Magari,
Dar es Salaam.

17 Machi 2025

Meneja,
Duka la Vifaa vya Magari,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: VIFAA VYA KINGA VILIVYOFUNGWA VIBAYA – MAGARI 11

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kati ya tarehe 10 na 14 Februari mafundi wenu walifunga vifaa vya kuzuia wizi na uchakavu kwenye magari yetu 11: Toyota IST 6, Toyota Noah 3 na Nissan X-Trail 2. Risiti ya EFD ni ya shilingi 4,740,000. Nati za kufuli za magurudumu seti 11 (kila seti nati 4, moja kwa kila gurudumu, na ufunguo wake) ni 715,000. GPS za kufuatilia gari zenye kukata moto (kuzima injini kwa amri) 11 ni 1,980,000. Mati seti 11 ni 770,000. Kinga za saiti mira jozi 11 ni 495,000. Rangi ya chini, ile ya kuzuia kutu chini ya gari, kwa Noah tatu ni 450,000. Na kuchora namba kwenye vioo na taa ni 330,000.

Karakana yetu ilikagua magari yote tarehe 3 hadi 7 Machi. Tulipowapigia simu, msimamizi wenu alijibu kwamba vifaa ni vizima, labda madereva wamevichezea. Tunaandika kwa sababu jibu hilo halisimami. Orodha tuliyowapa kabla ya kulipa ilitaja kila gari kwa aina, mwaka na rimu zake. Aliyechagua kifaa ni ninyi na aliyekifunga ni ninyi.

Tuanze na nati, maana hapo ndipo gurudumu lingeweza kuchomoka.

Nati za Toyota hizi zina kipenyo cha milimita 12 na hatua ya uzi (umbali kati ya jino na jino) ya milimita 1.5. Za Nissan ni 12 kwa 1.25. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha, kwa vidole ni rahisi: nati isiyo yake huingia mzunguko mmoja au miwili kisha hugoma. Fundi anayeanza kwa mkono atalijua kosa hapo hapo. Anayeanza na bunduki ya upepo (mashine ya kukazia nati) hajui kitu, kwa kuwa bunduki inasukuma tu, meno yanakula meno, na mlio ni uleule. Kwenye X-Trail zote mbili mliweka seti za 1.5. Kati ya stadi 8 (bolti za gurudumu) zilizopewa nati hizo, 5 zimeliwa meno. Nati ya gurudumu la mbele kushoto la X-Trail nyeupe ilipofunguliwa ilitoka na uzi wa chuma uliojikunja kama springi ya kalamu, ungali unang'aa. Zile nati 3 nyingine zilionekana zimekaza, kumbe ziligoma njiani kabla ya kugusa rimu. Karatasi ya daftari ilipita kati ya nati na rimu bila kukwama. Kwa maneno mengine, kila gurudumu la magari hayo lilikuwa linashikwa na nati 4 badala ya 5 tangu siku mliyotukabidhi.

Stadi iliyofikia hali hiyo haitengenezwi, inabadilishwa. Unafungua kaliper na diski, unaigonga stadi itoke nyuma ya hapu, unavuta mpya mpaka kichwa chake kikae sawa. Kazi hiyo tumeifanya wenyewe kwa sababu magari yasingeweza kusubiri barua.

Noah zina tatizo jingine. Rimu za aloi zilizokuja nazo zina tundu lenye bega bapa: nati yake ina shingo iliyonyooka inayoingia tunduni na washa bapa inayolala juu ya bega. Ninyi mmeweka nati za koni. Koni kwenye tundu la aina hiyo hugusa ukingo tu, duara jembamba kama waya. Wakati wa kukaza, spana inaonyesha kipimo kimefika. Gari likishatembea, ukingo wa aloi unabonyea na mkazo unashuka. Siku ya makabidhiano tulizikaza zote kwa mkazo wa Nm (nyutoni-mita) 103, kipimo cha Toyota. Kwenye ukaguzi wa Machi, nati 5 kati ya 12 zilikuwa chini ya Nm 70. Nati za kawaida zilizo jirani nazo, zile zilizokuja na gari, hazikusogea. Kwenye IST zenye rimu za chuma koni ndiyo yenyewe, kwa hiyo huko hatuna neno kuhusu mkao.

Ila tuna neno kuhusu wizi, ambao ndio uliotupeleka dukani kwenu. Nati ya kufuli hulinda rimu kwa jambo moja tu: ufunguo wake usiwe mfukoni mwa kila mtu. Tulichukua ufunguo wa IST moja tukaujaribu kwenye magari mengine 10. Umefungua yote. Pakiti hazina kadi ya namba wala alama yoyote ya kutofautisha seti na seti. Maana yake, yeyote aliyenunua pakiti kama hiyo kwenu, kwa shilingi 65,000, ana ufunguo wa rimu zetu zote. Na funguo zenyewe ni laini: mbili zimeshamomonyoka pembe, kwa sababu mafundi wenu walizitumia na bunduki ya upepo, ilhali ufunguo wa namna hii hutumiwa kwa spana ya mkono.

Sasa GPS. Programu yenu inafanya kazi vizuri, ramani ni sahihi, na ndiyo iliyotusaidia kuligundua kosa lenu. Magari manne yalikuwa yanaishiwa betri mara kwa mara. Kwenye IST mojawapo tulipima umeme unaotumika gari likiwa limezimwa, milango imefungwa na nusu saa imepita: miliampea 68. Tulipochomoa fyuzi ya GPS zilibaki 22. Kifaa chenu kinakula 46, wakati boksi lake linasema kikilala hakizidi 6. Kwa hesabu ya miliampea 68, gari linapoteza takribani Ah (ampea-saa) 1.6 kwa siku. Betri ya IST zetu ni ya Ah 35, na gari la kukodisha likikaa uwanjani siku 10 limepoteza karibu nusu. Hapo kuwasha ni bahati, na betri inayoshushwa hivyo kila mara haimalizi umri wake.

Sababu iko kwenye waya. Kifaa kina waya tatu za msingi: umeme wa kudumu, hasi, na waya wa kusoma swichi ambao hutakiwa kupata umeme pale tu swichi inapofunguliwa. Fundi wenu ameunganisha huo wa tatu pamoja na ule wa kudumu. Kifaa kinadhani gari limewashwa saa 24, hivyo hakilali kamwe. Hakuna haja ya kufungua dashibodi ili kuthibitisha: fungueni ripoti ya programu yenu wenyewe, muone magari hayo manne yanaandikwa "limewashwa" usiku kucha uwanjani.

Upande wa kukata moto ndio unaotutisha zaidi. Mpango sahihi ni kupitisha waya wa pampu ya mafuta kwenye pini 30 na 87a za rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), ili rilei isipopata umeme njia ibaki wazi na gari litembee. Kifaa kikipewa amri, ndipo rilei inavuta na kukata. Kwenye IST mbili mmetumia 30 na 87. Hapo mambo yamegeuka: gari linatembea kwa hisani ya kifaa, rilei inavutwa muda wote wa safari hadi inachemka, na siku kifaa kikifa au fyuzi yake ikiungua pampu inasimama. Gari likizima juu ya Daraja la Mfugale saa kumi na moja jioni, abiria hataki kusikia habari za pini.

Viungo vya waya vimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi. Kila fundi umeme wa jiji hili anajua tepu hiyo inavyofanya ndani ya dashibodi ya gari linaloshinda juani: gundi inayeyuka, tepu inateleza, kiungo kinabaki uchi na kinaanza kulegea. Kwenye Noah moja tulipima volti zinazopotea kwenye kiungo cha pampu injini ikiwa inanguruma: 1.1. Kiungo kizuri hakitakiwi kuzidi 0.2. Dereva alikuwa analalamika gari halina nguvu kwenye mlima, na sisi tulishaanza kutafuta filta ya mafuta. Kiungo cha namna hiyo hulehemewa kwa risasi na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto, au hubanwa kwa klipu ya saizi ya waya.

Halafu kifaa chenyewe kimefungwa kwa zipu ya plastiki kwenye shingo ya usukani, taa yake ya kijani ikimulika miguuni mwa dereva. Mwizi hahitaji hata kupiga magoti.

Rangi ya chini ya Noah tatu tulitaka kwa sababu magari hayo yanapita Kigamboni kila siku na chumvi ya pwani haina huruma. Mafundi wenu wamepuliza kila kitu kilichokuwa chini ya gari. Matundu ya kutolea maji kwenye kingo za chini ya milango na chini ya milango yenyewe yamezibwa. Maji yanayoingia kupitia mpira wa kioo hayana tena pa kutokea, yanakaa ndani ya bati, na kutu itaanzia upande ambao hakuna anayeuona. Kwenye Noah ya fedha, tulipochoma tundu moja la mlango wa nyuma kwa waya, maji yalitoka kama nusu kikombe, na mvua ilikuwa imepita siku mbili kabla. Aidha eksozi imepulizwa, ndiyo maana gari lilinuka kama lami inayochemshwa kwa wiki nzima, na hozi za breki za mbele zimepakwa kiasi kwamba hatuwezi kuona kama mpira una nyufa. Kazi hii huanza kwa kuziba matundu kwa vipande vya tepu, kufunika eksozi, hozi na diski kwa karatasi, kisha kupuliza, kisha kuondoa tepu. Inaongeza saa moja, basi.

Mati hatutazieleza kwa kirefu. Mmeleta za "kila gari", hazina matundu ya kushikwa na ndoana za sakafuni, na zimewekwa juu ya zulia lililokuwepo. Ya dereva inasogea mbele hadi inafika chini ya pedeli ya mafuta. Zimeni injini, kanyageni pedeli hadi mwisho, iachieni: kwenye IST tatu inanasa ukingo wa mati. Hili si jambo dogo. Septemba 2009 Toyota ilitangaza kuyaita magari takribani milioni 3.8 nchini Marekani kwa ajili ya mati zinazoweza kunasa pedeli hiyo. Tumezitoa zote za upande wa dereva.

Kinga za saiti mira zimeshikwa kwa skrubu za kawaida badala ya ribiti mlizotuahidi. Bisibisi ya mfukoni inatosha.

Kuchora namba kwenye vioo na taa ni kazi safi, herufi zimenyooka na hakuna kioo kilichopasuka. Fundi aliyefanya hiyo kazi mpeni salamu zetu. Angesimamia na mengine tusingeandika barua hii.

Tunachoomba ni hiki. Mturudishie fedha za nati na mati, jumla shilingi 1,485,000, pamoja na gharama ya stadi 5 za X-Trail ambazo risiti yake imeambatanishwa. Badala ya nati hizo hatutaki nyingine kutoka kwenu mpaka mtuonyeshe seti zenye namba tofauti, za 1.25 kwa Nissan, na zenye shingo na washa bapa kwa Noah. GPS zote 11 zifungwe upya hapa karakanani, mbele ya fundi umeme wetu: waya wa swichi mahali pake, rilei kwenye 30 na 87a, fyuzi ya ampea 3 karibu na chanzo cha umeme, viungo vilivyolehemewa, na kifaa kifichwe mahali tutakapowaonyesha siku hiyo, si kwenye barua. Baada ya kufunga tutapima kila gari. Lililozimwa likizidi miliampea 35 halipokelewi. Noah tatu zizibuliwe matundu, na hozi za breki zisafishwe kwa kitambaa na maji ya sabuni, si kwa petroli wala thina, maana hizo huharibu mpira. Ribiti za saiti mira ziwe za alumini, kwa sababu za chuma zitaota kutu.

Tunawapa siku 14 kuanzia tarehe ya kupokea barua hii. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji aliyeelezwa matumizi ya bidhaa auze inayofaa kwa matumizi hayo, na orodha ya magari yetu mliipokea kwa sahihi na muhuri. Siku hizo zikipita bila jibu la maandishi, jalada zima litapelekwa Tume ya Ushindani (FCC).

Nati zote 44, funguo 11 na vipande vya waya tulivyokata vimehifadhiwa kwenye boksi lililofungwa, kila kimoja na namba ya gari lake. Mtu wenu anaweza kuja kuvikagua siku yoyote ya kazi kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri. Aje na toki renchi (spana ya kupimia mkazo) yake.

Wenu katika kazi,

Msimamizi wa Karakana

Viambatanisho: nakala ya risiti ya EFD, orodha ya magari yenye muhuri wenu, picha 26, karatasi ya vipimo, risiti ya stadi.

Nakala: Mhasibu Mkuu, Mwanasheria wa Kampuni.